Duka la fundi baiskeli, Isevya: bado peleka kazi yako pale

Tangu Mzee afariki, wenzangu wa sokoni wananiuliza kama duka lake la baiskeli hapa Tabora bado ni la kupeleka kazi. Ndiyo, pelekeni. Ila siwezi kulieleza duka nikamwacha yeye, maana kila kitu mle ndani kimekaa kwa kipimo chake.

Polio ilimpooza miguu utotoni, enzi ambazo chanjo haikufika kila kijiji. Barabarani alikwenda na baiskeli ya magurudumu matatu ya kunyonga kwa mikono, aliyoiunda mwenyewe. Dukani alifanya kazi ameketi kwenye mkeka. Kwa hiyo jiliwa limefungwa kwenye gogo la mninga lisilofika hata gotini, spana zimening'inia chini ukutani, na mlangoni hakuna ngazi, ni mteremko wa saruji. Upande wa pili aliuza chumvi, sabuni na viberiti, na kaunta ni fupi mno hata mtoto wa darasa la kwanza anaweka hela yake bila kunyanyuka. Akina mama wa mtaani walituma watoto pale kuliko duka lolote.

Mimi nauza asali, naitoa vijijini kwa baiskeli. Mafundi wengi wakitazama tairi tu wanakutajia bei. Mzee, baada ya salamu ya mwangaluka, aliniuliza kwanza, "Unabeba nini, mwanangu?" Nikamwambia asali, madumu mawili ya lita 20. Akatikisa kichwa.

"Asali si maji. Dumu la maji ni kilo 20, la asali linakaribia 28. Wewe unahesabu madumu, rimu inahesabu kilo."

Akang'oa spoki zote za gurudumu la nyuma, akalisuka upya kwa spoki nene. Kisha akalizungusha taratibu, ameshika kipande cha chaki karibu kabisa na rimu. Chaki ilipogusa ndipo palipopinda. Anakaza spoki za upande mmoja kidogo, analegeza za upande wa pili, anazungusha tena, mpaka chaki haigusi popote. Mwisho akazigonga spoki moja moja kwa ukucha huku ameinamisha sikio. Kariya akaitia nondo. Nilikuwa na nusu ya hela tu. Akanipa mali kauli hadi msimu wa kurina, na deni akaliandika kwenye daftari mbele yangu. Alisema analiandika nisije nikalilipa mara mbili. Gurudumu lile natembelea mpaka leo.

Wanafunzi wenye sare hawakulipia upepo, na siku za mitihani hata pancha aliziba bure. Lakini msaada wa kuonewa huruma yeye mwenyewe hakuupokea. Wapita njia waliomdondoshea sarafu kaunta aliwaita warudi: "Ndugu, nikupe nini cha hela hii?" Hawaondoki mpaka wamechukua hata kiberiti. Nilipenda sana kuliona hilo.

Wenzake wenye ulemavu aliwasukuma wajiunge vikundi wakakope halmashauri. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 ni za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hesabu hiyo aliijua kwa kichwa, na fomu aliwajazia pale pale kwenye kaunta fupi.

Anayeshika duka sasa ni mwanagenzi wake, kijana kiziwi. Tabora ina shule ya viziwi tangu 1963, na kijana alisoma huko. Mzee alimfundisha bila kumtoza senti, wakati karakana nyingine zinatoza. Ili amfundishe, alijifunza kwanza lugha ya alama, utu uzima ule, vidole vimejaa grisi. Leo kijana naye anatumia chaki vile vile. Kusikiliza spoki hawezi, anazibana mbili mbili kwa vidole kupima mkazo, na magurudumu yake yananyooka sawasawa.

Ukifika, simama anapokuona, onyesha panapoleta shida, uzito wa mzigo wako mwandikie kwenye daftari lililo kaunta. Usimpigie kelele, haisaidii na inaudhi. Pancha ni shilingi 1,000. Chumvi na sabuni hazipo tena, na hilo limewaumiza majirani. Jumamosi foleni ni ndefu kwa sababu yuko peke yake. Spoki nene huisha mara kwa mara, basi mwenye kubeba asali au mkaa apitie siku chache kabla, amwekee oda.