Farasi wangu walimtibu vizuri, mimi wakanivunjia heshima

Nimekaa na hii hasira tangu mvua zilipoanza na naona haitoki, wacha niandike. Ni kuhusu kliniki moja ya wanyama huku upande wa Karen, jina sitaji. Wenye farasi huku mnajua madaktari wa farasi ni wachache, wengi ni wa ng'ombe na mbwa, kwa hivyo kuchagua hatuchagui sana.

Mimi ndiye mwenye farasi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililotakiwa kulithibitisha usiku kucha. Nimekuwa saisi, mtunza farasi wa watu, miaka mingi, nimelala kwenye mabanda ya watu, baadaye nikajikusanya nikamnunua huyu jike alipomaliza mbio zake pale Ngong Racecourse. Sasa ni wangu, wikendi anabeba watoto kwenye sherehe, karo ya nyumbani inatoka mgongoni mwake. Nikisema farasi ni mgonjwa sibahatishi.

Jioni hiyo alikataa chakula. Akaanza kugeuza shingo anaangalia ubavu, anachimba chini na kwato ya mbele, analala anaamka, analala anaamka, jasho limemjaa shingoni na huku Dagoretti ni baridi ile ya kuvaa koti mbili. Hilo ni tumbo, saisi yeyote atakwambia. Na tumbo la farasi si la kungojea kesho, farasi hatapiki, kilichoingia hakirudi juu, likijaa linaweza kupasuka humo ndani akafa ukimwangalia. Nikatoa nyasi zote bandani, nikamhesabu moyo hapo nyuma ya kiwiko, 56 kwa dakika, na farasi aliyetulia anakaa kati ya 28 na 44 hivi. Ufizi umekauka, kidole kinanata. Nikaweka sikio ubavuni, upande mmoja kimya kabisa, mwingine unanguruma kidogo sana. Na mavi hajatoa tangu asubuhi.

Nikapiga simu. Yule dada wa risepshoni nikamweleza yote hayo polepole, na hesabu zake. Unajua aliniuliza nini? "Mwenye farasi yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. "Hapana, naongea juu ya boss wako, mpe simu." Nikarudia, farasi ni wangu, niko naye hapa. Akanyamaza, halafu akaniuliza hiyo hesabu ya moyo nimeambiwa na nani! Yaani mnyama anagaagaa mbele yangu, kijana wangu ameshika tochi mikono inatetemeka, na huyu anataka kujua ni nani alinifundisha kuhesabu. Mwishowe akasema daktari hatoki mpaka pesa ya kwanza iingie, nikatuma kwa M-Pesa, nikamsomea meseji neno kwa neno ndio akaridhika.

Daktari alikuja, na alikuja haraka, hilo sitalificha, usiku na matope yale yetu. Kijana wetu tu wa hapa Kenya, rika la mtoto wangu wa pili. Sasa jirani yangu, mama mmoja mzungu ambaye pia anafuga farasi, alikuwa amekuja kunisaidia na taa. Daktari akanipita mimi niliyeshika kamba, akaenda kumsalimia mama, akaanza kumuuliza yeye, ameanza saa ngapi, amekula nini, amedungwa lini ile chanjo ya ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi wakati wa mvua. Mama akamwambia muulize mwenyewe, huyo hapo. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia tena mama: "Mwambie kijana wako amtembeze kidogo." Kijana! Mimi nina wajukuu. "Mzee" ilimshinda kutamka, na hapa Nairobi hata makanga ambaye hanijui ananiita mzee akinidai nauli.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yake ilikuwa safi. Hata farasi daktari alimsalimia, "pole mama, taratibu mama," akampapasa shingo mpaka akatulia, ndio akamdunga ya kumtuliza. Akavaa glavu ile ndefu ya mpaka begani, akaingiza mkono kwa nyuma pole pole, akasema amegusa mavi makavu yamekwama pale utumbo mpana unapojikunja upande wa kushoto, haujajisokota. Hapo nikashusha pumzi, kwa sababu ukijisokota ni kisu au sindano ya mwisho. Mpira wa puani, ule wa kupitisha dawa mpaka tumboni, akaulowesha kwanza kwa maji ya moto ulainike, akaupima kwa nje kutoka tundu la pua mpaka mbavuni, akauingiza huku akipuliza, na tukauona kwa macho ukiteremka chini ya ngozi ya shingo upande wa kushoto, ndio ujue uko njia ya chakula na si ya mapafu. Akangoja kwanza aone kama kuna maji yanarudi kutoka tumboni. Hakuna. Ndio akapampu maji yenye chumvi na mafuta ya dawa, na sindano ya maumivu kwenye mshipa. Nimeshika farasi kwa madaktari wengi, wazungu kwa weusi, mkono kama huo nimeuona mara chache.

Asubuhi jike akatoa mavi, yanateleza kwa mafuta, nikayashika kwa mkono nikamshukuru Mungu. Na kweli nilikuwa nimeshawasamehe. Nikasema ni uchovu wa usiku, nikasema nitawapa nyota zote, mnyama wangu anakunywa maji hapo nataka nini tena.

Halafu bili ikaja kwa WhatsApp. Mwenye farasi: jina la jirani. Saisi: jina langu.

Pesa nilituma mimi, kwa namba yangu, yenye jina langu! Na siku hiyo hiyo mama ananiambia yeye hajawahi hata siku moja kuombwa atume kwanza, yeye hulipa mwisho wa mwezi. Nikapiga simu warekebishe, dada ni yule yule, akanijibu "si ni sawa tu, bora imelipwa." Si sawa! Hiyo ndiyo rekodi ya matibabu ya mnyama, kesho nikitaka kumuuza au daktari mwingine akiuliza alitibiwa nini, karatasi inasema farasi ni wa mtu mwingine na mimi ni wa kushika kamba. Mpaka leo naandika hapa hawajabadilisha.

Kwa hivyo sijui niwape nini. Daktari mikono yake nyota tano, mdomo wake sifuri. Farasi wako akishikwa na tumbo usiku wa leo wapigie hawa hawa, usingoje, roho ya mnyama kwanza. Nilitaka kuacha nyota tatu lakini nimefungua ile bili tena sasa hivi na nimeweka moja, na itabaki moja mpaka jina langu liandikwe mahali pake. Na kama kuna mtu ana namba ya daktari mwingine wa farasi anayefika Dagoretti usiku, naomba.