Jengo la wazee: lifti nzuri, sebule imewekwa pasipo watu

Mama anaishi ghorofa ya saba katika jengo hili la wazee. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo kila nikija macho yanaanzia kwenye yale yanayomwangusha mtu.

Lifti ziko mbili, na moja inaingia machela. Ingekuwa moja tu, siku ikiharibika wote wanaotembelea fimbo huko juu wangekuwa wafungwa. Milango ni mipana, vizingiti hakuna, na bafuni kiti cha magurudumu kinageuka bila kugonga ukuta, maana wameacha nafasi ya duara la mita 1.5. Vishikio vya chooni nimeviegemea kwa uzito wangu wote, havikutikisika.

Kinachoniuma ni sebule ya pamoja. Wameipandisha ghorofa ya juu kabisa, vioo kila upande, mandhari ya kupendeza, viti vitupu. Mzee hapandi lifti kwenda kutafuta watu ambao hajui kama wapo. Watu hukutana wanakopita: chumba cha kufulia, kwenye masanduku ya barua, mbele ya lifti. Hapo ndipo ninapowakuta akina mama wakipiga soga wima, mmoja kaegemea ukuta, mwingine akihamisha fimbo toka mkono huu kwenda ule hadi goti linamshinda na anaaga. Benchi hakuna! Na korido ni ndefu, milango yote rangi moja. Jirani wa mama aliyeanza kusahau hujaribu ufunguo kwenye mlango wa mwenzake.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Kampung Admiralty, jengo la Singapore lililosanifiwa na kampuni ya WOHA na kushinda tuzo ya Jengo Bora la Mwaka Duniani 2018, lina nyumba 104 za wazee. Chini kuna uwanja wa wazi, juu yake vibanda vya chakula, kisha kliniki; kituo cha kulelea watoto kiko humo humo, na majirani wamewekewa benchi kwenye njia ya kuingilia. Mzee akishuka kula, ameshafika kwa watu.

Nimewaomba wasimamizi washushe viti vya sebule, vile vyenye mikono ya kujiinulia, viwili viwili mbele ya lifti kila ghorofa, visizibe njia ya kukimbilia moto ukizuka. Bado sijajibiwa. Kwa usalama nawapa nyota 5, kwa ujirani 2. Ukimleta mzazi hapa, omba nyumba iliyo karibu na lifti.