Treni ya umeme Dar–Dodoma: nimeipanda, watu wa Tanga nisikilizeni

Nimerudi Tanga juzi na mgongo bado unauma, ila sio kwa sababu ya treni, ni basi lililotutoa Kange mpaka Dar, siti imelegea, moshi wa dizeli unaingia ndani na bi mkubwa wangu ana pumu, njia nzima kajiziba pua na kanga. Hilo basi silitaji. Kesho yake tukapanda SGR, ile treni ya umeme, kwenda Dodoma, mdogo wangu kajifungua, na bi mkubwa kabla hata hatujapita Pugu ananiuliza, "mwanangu, mbona hii hainuki mafuta?"

Hainuki kweli. Wala haingurumi, unaona tu miti inarudi nyuma na chai imetulia kwenye kikombe wakati mwendo unaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Masaa matatu na nusu hivi tuko Dodoma, nauli 31,000. Mahandaki ya kule Kilosa bi mkubwa alikuwa anavuta uradi.

Mimi ni fundi umeme hapa Ngamiani kwa hiyo macho yalikuwa juu kwenye nyaya. Nyumbani kwako unatumia volti 230, ule waya una 25,000. Kichwa cha treni hakibebi tenki la mafuta, kina mkono juu unaogusa waya, basi. Injini ya dizeli zaidi ya nusu ya mafuta inapotea kama joto, mota ya umeme haina hasara hiyo, na treni nyingi za umeme zikifunga breki mota inageuka jenereta inarudisha umeme kwenye waya, hapo ndo huwa nasisimka jamani.

Mtu ataniambia huo umeme si nao wa gesi. Upo wa gesi ndio, laini kubwa ya kilovolti 220 inayopeleka umeme kwenye reli inaanzia Kinyerezi, Dar, na pale wanachoma gesi. Lakini gridi ya taifa ni moja, na toka Bwawa la Nyerere kule Rufiji liwashe mashine zote 9, kila moja megawati 235, jumla 2,115, maji yamebeba mzigo mkubwa sana. Halafu kikubwa ni hiki, ukiongeza umeme wa jua kama ule wa Kishapu, Shinyanga, kwenye treni hubadilishi kitu, waya ule ule, kichwa kile kile. Na jua liongezwe kweli, maana mvua zikigoma mgao tunaujua.

Sasa sisi Tanga. Reli ya kwanza Tanzania Bara ilianza kujengwa hapa 1893, ikafika Moshi 1911, na mpaka leo ni ile ile ya upana wa mita moja, vichwa vya dizeli, mizigo ya bandarini inaishia kwenye malori. Reli mpya ya Tanga–Arusha–Musoma ni mpango wa miaka, naomba ikija ije na nyaya siku ya kwanza. Umeme wa maji wenyewe tunao mlangoni, kituo cha Hale megawati 21, New Pangani Falls 68.

Nawapa nyota 5 bila kusita. Kateni tiketi mapema, bebeni kitambulisho, wazee wavae sweta maana AC inapuliza. Bi mkubwa ameshasema arobaini ya mjukuu tunarudi, ila basi hapandi tena, na mimi hapa nawaza namfikishaje Dar.