Mipira ya tope ya Hilux inayovuta tela: fundi wa Ipogolo aliyetaka kuuona mzigo kwanza

Jiwe la ukubwa wa punje ya hindi ndilo lililonifikisha kwa fundi ninayemwandika hapa, aliyenifungia mipira ya tope, ile inayoning'inia nyuma ya matairi kuzuia mawe na tope.

Nakodisha jenereta, maturubai na viti hapa Iringa mjini. Jenereta ni ya dizeli, kVA 20, fezi tatu, imefungwa juu ya tela ya ekseli moja, na inayoivuta ni Hilux Vigo ya dabo kebini ambayo naiendesha mwenyewe. Kazi zangu nyingi ziko nje ya mji: Pawaga, Idodi, Tungamalenga, Kilolo. Huko lami ikikuacha unaingia kwenye moramu, barabara ya udongo wa changarawe, na moramu iliyopitiwa na greda juzi ni mbaya kuliko ile kuukuu, maana changarawe zinakuwa zimelala juu juu tu, hazijashindiliwa. Jenereta yangu haina kasha. Rejeta yake, ile ya maji ya kupozea injini, inatazama mbele, yaani inatazamana ana kwa ana na matairi ya nyuma ya Hilux. Mwaka mzima nilivuta hivyo bila kuliwaza jambo hilo.

Novemba iliyopita tulikuwa Idodi kwenye sendofu. Saa tatu usiku, watu ndio wameanza kupanga foleni ya chakula, kijana wangu wa mitambo akanijia mbio: geji ya joto imepanda na chini ya tela kuna maji. Tukazima. Nilipomulika rejeta kwa tochi ya simu niliona mapezi yake yamelala upande mmoja kama majani ya mpunga yaliyokanyagwa, na katikati, ndani ya kitobo kidogo, kijiwe chekundu kimekwama, bado kimelowa. Nilikitoa kwa ncha ya spoku. Wageni walimaliza kula kwa mwanga wa simu, bibi harusi mtarajiwa akakata keki gizani, na nikarudisha nusu ya malipo kwa mama yake bila kuombwa. Kuchomelea rejeta kulinigharimu 150,000. Lakini kilichoniuma si hela. Yule mama alikuwa ameniamini na siku ile ya mwanawe hairudi.

Jumatatu yake nikaenda duka moja la spea mjini. Wakanipa mipira ya tope ya plastiki nyeusi, jozi kwa 45,000, ina maandishi mekundu ya kupendeza. Kijana wa duka akaifunga kwa skrubu za bati, nusu saa kazi imekwisha. Hakuuliza gari linafanya kazi gani wala hakuangalia kwamba tairi zangu si za awali. Nilikwishapanda hadi 265/70 R16, kwa hiyo tairi ina upana wa sentimita 26 na nusu, na ile plastiki ilikuwa na upana wa 23. Kingo mbili za tairi zilibaki nje zinachungulia.

Safari hiyo nilitaka ushahidi. Kwenye kichwa cha tela, mbele ya jenereta, nilifunga kipande cha bati nikakipaka rangi nyeupe ya mafuta. Tulienda Pawaga na kurudi. Tuliporudi tukahesabu na kijana wangu, kila alama ya jiwe tunaizungushia kalamu: 41. Wiki ya pili, Kilolo, nikawa narudi nyuma kwenye uwanja wa kanisa, tairi ya kushoto ikapanda ukingo wa mtaro, plastiki ikaminywa kati ya tairi na ukingo, ikachanika palepale kwenye matundu ya skrubu. Ile ya kulia ilibaki, ila kwenye lami nikifika mwendo wa 80 niliiona kwenye kioo cha pembeni inapeperuka nyuma kama shuka kwenye kamba. Mpira unaopeperuka hauzuii jiwe.

Dereva mmoja wa fuso akanielekeza kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo Ipogolo, chini huku barabara kuu inakopita, ambako malori ya kwenda Mbeya na Dar es Salaam yanasimama. Gereji yenyewe usitarajie bango. Ni banda la mabati, mti wa kivuli, na roli mbili kubwa za mpira mweusi zimeegemezwa ukutani.

"Kamwene, mama," mzee akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, baba. Nataka mipira ya tope ya nyuma."

Hakuangalia tairi. Alizunguka hadi nyuma ya gari, akagusa kile kichwa cha kuvutia tela, akasugua grisi yake kati ya vidole viwili, akanionyesha. Ilikuwa na mchanga. "Unavuta nini hapa?"

Nikamwambia.

"Basi kailete. Na jenereta yake juu, na mafuta yake kwenye tangi, kama unavyokwenda kazini."

Nasema kweli, nilikasirika. Kutoka Ipogolo hadi kwangu Kihesa ni kupanda mlima wote hadi mjini na kuupita mji, halafu kushuka tena na tela. Nilitamani kumwambia apime tu tairi tumalizane. Lakini nilikumbuka yule wa dukani ambaye hakuuliza chochote, nikaenda.

Niliporudi alifanya kitu ambacho sijawahi kumwona fundi mwingine akifanya. Alichukua uzi wa waashi, akaubana mwisho mmoja chini kabisa ya tairi, pale inapokanyaga ardhi. Akamwambia kijana wake ashike kipande cha mpira nyuma ya tairi, kimo kilekile cha plastiki yangu ya zamani, sentimita 25 kutoka chini. Kisha akauvuta uzi, ukapita chini ya ncha ya mpira, akaenda nao moja kwa moja hadi kwenye tela. Uzi ukagusa rejeta. Katikati. Sentimita chache tu kutoka pale palipochomelewa.

"Jiwe linapita njia hii," akasema. "Tairi ikilirusha halitafuti kona."

Akamwambia kijana ashushe mpira, polepole, mzee akiwa ameushika uzi kwenye tela, na uzi nao unashuka: rejeta ya katikati, rejeta ya chini, fremu ya jenereta, mpaka ukafika kwenye chuma cha tela chini ya mzigo wote. Hapo akasema simama. Alipopima chini ya mpira ilikuwa sentimita 13. Ndipo nikaelewa kwa nini alitaka tela. Hilux ikiwa tupu nyuma inasimama juu, springi hazijalala. Ukipima hapo ukaweka 13, ukifunga mzigo mpira unaburuta. Na ukipima juu ili usiburute, unarudi kwenye uzi unaogusa rejeta. Kipimo cha kweli ni kile cha gari likiwa kazini.

Mpira anaotumia hautoki dukani. Ni mkanda uliokwisha kazi kiwandani, ule wa kupitishia mizigo, una unene wa milimita 8 na ndani yake kuna tabaka mbili za turubai. Ukiukunja unarudi, ukiuchana kwa mkono hauchaniki. Alikata vipande viwili vya upana wa sentimita 32, akaacha nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya tairi na mpira, kwa sababu tope la Kilolo likikauka hapo katikati na nafasi ikawa finyu, tairi inausaga mpira. Kwa juu hakupiga bolti kwenye mpira mtupu. Aliweka chuma bapa mbele na nyuma, mpira katikati kama mkate, kisha bolti nne za spana namba 13 zikapita zote kwa pamoja, na nati zile zenye nailoni ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Mzigo wa kuvutwa unagawanyika kwenye chuma chote badala ya kulielemea tundu moja, na hapo ndipo plastiki yangu ilipochanikia. Chuma chenyewe alikifunga kwenye chesisi kwa kipande cha pembe, sio kwenye bati la bodi. Kila tundu alilotoboa alilipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kupitisha bolti. Hilo niliangalia mwenyewe, maana gari likianza kutu kwenye matundu halikuulizi.

Alinishauri niweke pia mipira midogo nyuma ya tairi za tela. Nikasema tela haina kitu nyuma yake. Akanijibu: "Ina bodaboda." Nikaona aibu kidogo, nikalipa.

Jumla ilikuwa 140,000 kwa Hilux na 40,000 kwa tela, pamoja na ufundi. Ni mara tatu na zaidi ya bei ya dukani kwa ile jozi ya gari.

Sasa ni Julai. Nimevuka masika yote nayo, na nimekwenda Tungamalenga mara nne. Safari ya kwanza nilipaka bati jeupe upya na tukapita njia ileile ya Pawaga. Alama zilikuwa 3, zote chini kabisa ya bati, usawa ambao uzi ulikuwa umeonyesha. Nilimpelekea mzee picha, akazikuza kwa vidole, akasema tu "vizuri" na kurudi kwenye kazi yake. Faida ambayo sikuitegemea ni plagi ya taa za tela. Zamani kila safari ya mvua nilikuwa nachokonoa tope kwenye pini zake kwa msumari, taa ya breki inakuja na kupotea. Sasa naifungua ni safi. Grisi ya kile kichwa cha kuvutia nayo haisagi mchanga tena.

Kuna mambo ya kuyajua kabla hujaenda. Fundi anafanya kazi na kijana mmoja tu na hana haraka. Nilifika saa mbili asubuhi, nikatoka saa kumi na nusu jioni. Siku ya kwanza nikipanda mlima kurudi mjini nilisikia harufu ya mpira unaoungua: upande wenye ekzosti mpira ulikuwa karibu mno na mdomo wake. Kesho yake nilimrudia. Hakubishana, alikata kipembe na kuweka kibati cha kukinga joto, bure. Ila lilipaswa kuonekana mapema, maana kila kitu kingine alikuwa amekipima kwa uzi.

Pia mpira mnene unaoning'inia sentimita 13 unataka ujue kurudi nyuma. Ukirudi juu ya jiwe kubwa au tuta, tairi inaweza kuukanyaga. Alinifungia kicheni kila upande chenye ndoano: nikifika uwanjani nikawa napanga tela, kijana anashuka, anaukunja mpira juu na kuutundika. Tukisahau, unaminywa, lakini hadi leo haujachanika, umebaki na alama tu. Na vumbi halizuiliki kwa mpira wa aina hii, kwa hiyo kichujio cha hewa cha jenereta naendelea kukisafisha kila baada ya safari. Mawe ya magari mnayopishana nayo ni habari nyingine. Kwa hayo nimefunga wavu wa chuma mbele ya rejeta.

Kama gari lako halivuti kitu, sioni sababu ya kupoteza siku nzima Ipogolo. Lakini ukivuta jenereta, mashine ya kupukuchulia mahindi au tangi la maji lenye pampu mbele, nenda. Jumamosi hafungui. Fika mapema kabla malori hayajamjazia uwanja, nenda na tela ikiwa na mzigo wake kamili, na mwombe akuwashie gari alikague upande wa ekzosti kabla hajakaza bolti za mwisho.