Kima cha chini cha kifungo au hiari ya hakimu?

Kenya imejaribu yote mawili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kima cha chini: kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20, wa 16 hadi 18, kisichopungua 15. Faida yake ni kwamba mshtakiwa wa Kisumu na wa Garissa wanapimwa kwa mizani moja, na mwenye jina kubwa hana pa kupenyea. Tabu huanza kijana wa miaka 19 anapopandishwa kizimbani kwa sababu ya mpenzi wa 17. Hakimu anasikiliza maombi yake ya kuhurumiwa, anayaandika yote, kisha anasoma 15 ileile.

Hiari ilipata nguvu Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji katika kesi ya mfungwa Francis Muruatetu. Jaji akaweza kutazama umri, majuto, hata mwenendo wa mtu gerezani. Ila mahakama nyingine ziliuvuta uamuzi huo hadi kwenye unajisi (hapo ndipo mambo yalipovurugika), na 2021 Mahakama ya Juu ikasema uamuzi ule ulihusu mauaji tu. 2024 ikasimamia tena vima vya chini. Mimi ningechagua hiari yenye mwongozo, lakini kwa kesi ya wapenzi wale wawili, wa kulaumiwa ni bunge.