Ukoo wa Mwandishi: santuri zipi zitolewe upya, na zitolewe vipi

Mwandishi, Crossings na Sextant hazikosi madukani. Albamu hizi tatu, za 1971, 1972 na 1973, zina jina la Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi, jaladani, na jina hilo linauza lenyewe. Lakini bendi ile, nayo ikiitwa Mwandishi, ilikuwa ya watu sita, kisha saba, na karibu kila mmoja wao alikwenda kurekodi chake. Santuri hizo za pembeni ndizo za kutafuta kwa tochi, na kwa maoni yangu ndizo ambazo kampuni za kutoa upya muziki wa zamani zingepaswa kuzishughulikia kwanza, kabla ya kumchapa Hancock kwa mara nyingine.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuwafahamu watu hawa. Hancock alikuwa Mwandishi, Buster Williams wa besi Mchezaji, Billy Hart wa dramu Jabali, Bennie Maupin wa saksafoni na klarineti ya besi Mwile, Julian Priester wa tromboni Pepo Mtoto, na Eddie Henderson wa tarumbeta Mganga. La Henderson halikuwa pambo: alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1968, na baadaye alitibu wagonjwa San Francisco huku tarumbeta haijawekwa chini. Majina hayo yaliingia bendini kupitia James Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Mtu wa saba, Patrick Gleeson, alikuja na mitambo. Aliitwa aongeze sauti za sintesaiza ya Moog kwenye Crossings, kazi ikafanyika studioni kwake Different Fur, na mwisho wake akawa anasafiri na bendi akiwa na sintesaiza nyingine, ARP 2600.

Kabla ya kufika kwa wenzake, tuanze na zile tatu, kwa sababu zinaonyesha vizuri muziki wa namna hii huharibikia wapi unapochapwa upya.

Santuri ya inchi 12 kwa kasi ya 33⅓ hukaa sawa ikiwa na dakika 18 hadi 20 kila upande. Ukizidisha, mifereji inabidi ibanane, na ili ibanane fundi anayechonga hana ujanja: ashushe sauti au akate besi. Sasa tazama Crossings. Upande A wote ni Sleeping Giant, dakika 24 na sekunde 48. Mwandishi upande A, yaani Ostinato na You'll Know When You Get There, unapita dakika 23. Mchongaji mwenye haraka humaliza tatizo kwa kupunguza besi, na besi ya Buster Williams ndiyo nguzo ya muziki huu. Ikitoka hiyo kinachobaki ni mvuke. Wengine hukimbilia santuri mbili za kasi ya 45. Kasi hiyo ina sauti nzuri kweli, ila upande mmoja hubeba dakika 12 hadi 15 tu, kwa hiyo Sleeping Giant lazima ikatwe katikati. Wimbo ulioandikwa uende bila kusimama, wewe unainuka kugeuza sahani! Heri uchongwe kwa 33⅓ kwa sauti ya chini kidogo, msikilizaji aongeze mwenyewe kwenye amplifaya.

Sextant ina balaa lake. Kila upande una dakika 19 na ushee, hapo hapana neno. Tatizo ni Hornets, inayojaza upande B wote na kubaki imejaa vyombo hadi tamati. Mwanzoni mwa upande, sindano husafiri kama sentimita 51 kwa sekunde. Ikikaribia lebo imeshuka hadi kama 21. Habari ileile inabanwa katika nafasi isiyofika nusu, na shaba za Henderson na Priester zikifika pale pamoja na sintesaiza, sindano ya konikali, yenye ncha ya mviringo, hukwaruza na kutema "s" kali. Sindano ya duaradufu, yenye ncha nyembamba zaidi, hupunguza hilo kwa kiasi kikubwa, mradi uzito wake uwe ule aliouandika mtengenezaji. Kwa kichwa cha sindano cha AT-VM95E, kwa mfano, ni gramu 2.0. Ukipunguza ukidhani unailinda sahani, sindano huruka ndani ya mfereji na kuula.

Halafu kuna programu za kufuta mikwaruzo. Rain Dance, wimbo wa kwanza wa Sextant, imejengwa juu ya matone ya ARP 2600, sauti fupifupi, kali, zinazoanza na kukatika ghafla. Kwa programu isiyosimamiwa, tone la aina hiyo na chembe ya vumbi ni kitu kimoja, basi inayanyoa yote. Unabaki na Rain Dance isiyo na mvua. Njia rahisi ya kukagua toleo lolote jipya ni kusikiliza dakika ya kwanza ya wimbo huo: matone yakiwa na ncha, kazi imefanywa kwa mkono, yakiwa ya duara kama yamefungwa pamba, rudisha.

Ostinato nayo ni kipimo kizuri. Besi inazunguka katika duru la mapigo 15, manane kisha saba, klarineti ya besi ya Maupin ikiifuata, na wapiga dramu ni wawili, Hart na Leon Ndugu Chancler. (Ndugu huyu ndiye aliyepiga dramu kwenye Billie Jean ya Michael Jackson miaka kadhaa baadaye.) Chapa nzuri inakuwezesha kumfuata mmoja na kumwacha mwingine. Chapa mbovu inawachanganya kuwa kelele moja ya matoazi.

Anayenunua nakala za zamani atazame lebo. Mwandishi (WS 1898) na Crossings (BS 2617) za mwanzo zina lebo ya kijani ya Warner. Zenye picha ya barabara ya minazi ni za kuanzia 1973 na kuendelea. Sextant ya mwanzo ni KC 32212. Ukiona PC badala ya KC, hiyo ni chapa ya baadaye ya bei nafuu. Asiyetaka kuhangaika na santuri anayo CD mbili za Warner za 1994 zenye rekodi zote za kampuni hiyo, na si mbaya hata kidogo.

Sasa kwa Mganga.

Realization ya Eddie Henderson ilitoka 1973, mwaka uleule wa Sextant, na ukiiweka pembeni yake utadhani ni diski ya pili ya albamu ileile. Hancock yumo, Maupin yumo, Williams, Hart na Gleeson wamo. Mtoe Priester, mwongeze Lenny White kwenye dramu za pili, basi. Tofauti ni kwamba tarumbeta imesogea mbele, na mtunzaji wa utulivu si Hancock tena. Henderson hapigi noti nyingi. Anaiacha moja itande juu ya Rhodes, piano ya umeme, yenye mwangwi, anasubiri irudi, ndipo anajibu. Scorpio-Libra ndiyo ya kuanza nayo kwa mtu anayetokea kwenye roki ya progresivu: dramu mbili, besi inayong'ang'ania mahali pamoja, sintesaiza ikizunguka juu. Anayetaka upande wa jazi zaidi aanze upande B.

Inside Out ikafuata 1974. Hapa wameongezeka mpiga dramu Eric Gravatt, aliyekuwa bendi ya Weather Report, na Bill Summers wa ngoma za mkono, ambaye wakati huo Hancock alishamchukua kwenye Head Hunters, bendi yake iliyofuata. Mdundo uko karibu zaidi na ardhi. Ni albamu nzuri, lakini kama kuna pesa ya kutoa moja tu, iwe Realization. Inside Out inasikika kama watu walio njiani kuhama nyumba.

Kwa nini zimekuwa yatima? Sababu ni kampuni. Zilitolewa na Capricorn ya Macon, Georgia, nyumba ya Allman Brothers Band, kampuni iliyojua kuuza roki ya kusini mwa Marekani na isiyojua la kufanya na tarumbeta ya kielektroniki. Mwaka 1979 Capricorn ikafilisika, na orodha yake ikahamia mikono mingine ambako magitaa yalipewa kipaumbele. Zimewahi kurudi katika CD, zikauzwa, zikaisha. Kinachotakiwa ni kazi iliyokamilika: ichongwe kutoka kanda mama na si kutoka faili la CD, 33⅓, sahani moja kwa kila albamu, kwa kuwa urefu wa pande unaruhusu, na majina ya wapigaji yote yachapwe na kila mmoja chombo chake. Gramu 180 si lazima. Uzito hauongezi sauti, unaongeza nauli ya posta.

Suala la kanda mama si la kupuuzia. Kanda nyingi za miaka ya 70, hasa Ampex 406 na 456, zina gundi inayofyonza unyevu wa hewa. Ukiipitisha kwenye mashine bila kuitibu, inanata kwenye vichwa na kuacha utando wa kahawia, na utando ule ndio muziki wenyewe unaobanduka. Dawa yake ni kuioka taratibu kwa joto la kama nyuzi 54 kwa muda wa saa nane hivi, kisha kunakili mapema kabla haijarudia kunata. Kampuni inayoandika tu "imesafishwa upya" bila kutaja chanzo ni nini wala fundi ni nani, mara nyingi haikufika hata mlangoni mwa stoo ya kanda.

Kwa ECM, kampuni ya rekodi ya Ujerumani, hadithi ni nyepesi zaidi, kwani ECM hutunza vitu vyake. The Jewel in the Lotus ya Maupin (ECM 1043) ilirekodiwa New York 1974, Hancock akiwa kwenye kinanda, na ilikaa zaidi ya miaka 30 bila CD hadi 2007. Ni tulivu kiasi kwamba kila chembe ya vumbi inasikika. Kwa albamu hii CD inaishinda santuri, na sioni aibu kusema hivyo. Love, Love ya Priester (ECM 1044) ni kinyume chake kabisa. Ilirekodiwa Different Fur, jaladani jina la Pepo Mtoto limewekwa pamoja na lake la kuzaliwa, na kila upande una msururu mmoja usiokatika wa chini kidogo ya dakika 20. Gleeson yumo, Ndugu Chancler yumo, Gravatt yumo akiitwa Kamau. Besi inashika kifungu kimoja na haikiachii, na kila kitu kingine kinapandishwa juu yake tabaka kwa tabaka. Hii nayo inataka vinyli, tena yenye besi yote, la sivyo haina maana.

Enchance ya Billy Hart, iliyotolewa na lebo ya Horizon 1977, imeegemea zaidi kwenye jazi huru: Oliver Lake, Dewey Redman, Don Pullen, Dave Holland, pamoja na Henderson na Williams kutoka bendi ya zamani. Si ya kila mtu. Atakayeitoa upya asithubutu kubana jalada. Albamu za Horizon zilikuwa na majalada ya kufunguka yenye maelezo marefu kuhusu muziki wenyewe, na nusu ya thamani iko humo.

Imebaki Kawaida, iliyorekodiwa tarehe 11 Desemba 1969, kabla hata Mwandishi haijawa bendi. Kiongozi ni mpiga dramu Albert Heath, aliyejiita Kuumba, na miongoni mwa watunzi yumo Mtume. Don Cherry, Ed Blackwell, Jimmy Heath akiwa Tayari, Billy Bonner akiwa Fundi na filimbi yake, Williams, na Hancock kwenye piano ya kawaida isiyo na umeme. Nyimbo ni Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia na Kamili. Jina la albamu ni la falsafa ya Maulana Karenga, ileile iliyozaa sikukuu ya Kwanzaa, na Mtume alikuwa mfuasi wake. Anayetarajia fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki na umeme, atashangaa: hapa hakuna sintesaiza, kuna ngoma, filimbi na sauti za watu.

O'Be, lebo ndogo iliyoitoa, haikuwa na nguvu ya kuilinda, na matokeo yake rekodi hii imezurura kwenye matoleo ya bei poa yaliyobandikwa jina la Hancock kwa herufi kubwa, kana kwamba ni kazi yake. Epuka hayo. Kagua mgongo wa jalada kabla ya kulipa: kama Heath na Mtume hawajatajwa, wala tarehe ya kurekodi haipo, unachouziwa ni nakala ya nakala, na matoazi yatakuwa yamefifia. Toleo halali lianze na jina la Kuumba mbele, na kila mpigaji aandikwe majina yake yote mawili, kama walivyojiandika wenyewe.