Bushi na breki za Land Rover 109: kipi cha kununua Mwanza, kipi cha kuacha

Kwa 109 inayotembea Mwanza, nunua seti ya bushi za mpira uliogandishwa ndani ya bomba la chuma. Pesa inayobaki ipeleke kwa fundi wa kubandika laini, abandike laini mpya (tabaka linalosugua dramu) juu ya shuu zako za zamani, yaani vile vyuma vilivyopinda vilivyo ndani ya dramu. Zile bushi za plastiki ngumu, poliurethani, zenye rangi nyekundu au buluu, ziache dukani. Shuu mpya za kwenye boksi zisilipiwe kabla ya kukaguliwa.

Tunazungumzia Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Magurudumu yote manne yana breki za dramu za inchi 11, yaani milimita 279 hivi. Land Rover fupi, 88, nyingi zake zina dramu za inchi 10, na maboksi yake hukaa rafu moja na ya 109. Zaidi ya hapo, 109 yenye injini ya silinda sita ina shuu za mbele zenye upana wa inchi 3, wakati ya silinda nne ina inchi 2 na robo. Kwa hiyo fungua dramu, pima laini kwa rula, ndipo uende dukani. Muuzaji akiambiwa "za Land Rover" atakupa alizonazo.

Kwanza bushi. Gari zima linachukua 12: nane kwenye macho ya springi (matundu ya ncha zake) na nne kwenye chasi, pale zinaposhikwa shakeli, vile vibamba viwili vinavyoning'iniza ncha ya springi. Seti yenye nane tu ni nusu ya kazi. Bushi ya mpira ina bomba la nje, mpira, na bomba la ndani, vyote vimeshikana. Bolti hulibana bomba la ndani kwa nguvu lisizunguke, na springi inapocheza, ni mpira wenyewe unaojipinda na kurudi. Hakuna kinachosuguana na hakuna kinachohitaji grisi. Ndiyo maana vumbi la Kisesa na tope jeusi la mbuga za Magu halina pa kuingilia.

Poliurethani ni kinyume chake. Plastiki haijashikana na chuma, inazunguka juu ya bomba, na lazima ipakwe grisi ya silikoni. Grisi hiyo hiyo hukamata mchanga, na mchanga ukishaingia unasaga bomba la ndani kama msasa. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza kila gari linapopanda tuta. Tunakubali sifa yake moja: inaingia kwa mkono, bila presi. Kwa anayefanya kazi nyumbani hilo linavutia kweli, lakini bushi ya mpira nayo inaingia bila presi, kama tutakavyoeleza.

Ukiwa dukani omba venia, kile kipimo cha kubana, au beba yako. Bomba la ndani lazima litokeze kidogo pande zote mbili za jicho la springi. Likiwa fupi, vibamba vya shakeli vinabana jicho lenyewe badala ya bomba, springi inakuwa ngumu kama ubao, na bolti huanza kukatika. Bushi za bei ya chini huwa na kasoro hiyo hiyo. Angalia pia mstari wa kuchomelea kwenye bomba la nje: ukishika kucha, utachana jicho wakati wa kuingiza. Kisha jaribu kuuchokonoa mpira pembeni kwa ncha ya bisibisi. Ukibanduka kwenye chuma, rudisha.

Kabla ya jeki, jambo moja ambalo limewahi kuumiza watu. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti ya nyuma, kwenye dramu iliyoko nyuma ya boksi la gia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu, yaani gia za ekseli zinazogawa mzunguko, inaliruhusu lizunguke, na gari linaweza kubingirika ukiwa chini yake huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Kwenye viwanja vya Mwanza, ambako sehemu tambarare ni ya kutafuta, weka mawe mazito mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kisha laza chasi juu ya stendi mbili. Usiiache kwenye jeki.

Bolti kuukuu za shakeli ndizo zitakazokula siku yako. Kibamba kimoja cha shakeli kina nyuzi ndani yake: bolti inajifunga humo kwanza, kisha nati ya nje inaizuia isilegee. Anayefungua nati peke yake na kuanza kugonga anaharibu nyuzi za kibamba. Fungua nati, kisha uizungushe bolti yenyewe itoke. Ikigoma, kutu imeishika ndani ya bomba la bushi, na dawa yake ni msumeno wa chuma, kukata pande zote mbili kati ya kibamba na jicho. Nunua bolti mpya nane za shakeli na nne za ncha zisizo na shakeli kabla hujaanza, maana ni nadra zote kutoka salama. Hapa ziwa letu linatusaidia: maji hayana chumvi, na chasi iliyokulia Mwanza kwa kawaida huwa na kutu kidogo kuliko iliyokulia Tanga.

Kutoa bushi kwenye chasi: toboa mpira kwa drili kuzunguka bomba la ndani mpaka lidondoke, pitisha waya wa msumeno ndani ya bomba la nje, ukate taratibu kwa urefu wake, kisha ulikunje kwa tindo. Sikiliza msumeno. Ukishavuka unene wa bomba sauti inabadilika, inakuwa nzito; simama hapo hapo, usikate chasi. Wengine huchoma mpira kwa gesi. Inafaa kwenye springi iliyotolewa nje, lakini moshi wake ni mbaya, na kwenye chasi bomba la breki na nyaya viko jirani.

Kuingiza mpya, chukua bolti ndefu yenye nyuzi nzima, washa (pete bapa ya chuma) nene, na kipande cha bomba chenye kipenyo kikubwa kuliko bushi. Bomba likae upande wa pili wa jicho, washa isukume bomba la nje la bushi, kaza nati polepole. Washa ikigusa mpira au bomba la ndani, umeiua bushi kabla haijatembea. Paka maji ya sabuni, usipake oili wala grisi, kwani mafuta hulainisha mpira na kuuozesha.

Halafu kosa linalorudiwa gereji nyingi: kukaza bolti wakati gari liko juu ya stendi. Magurudumu yakining'inia, springi imejikunja kupita kawaida. Ukikaza hapo, mpira unagandamizwa katika mkao huo, na gari likishushwa tayari umepinda kabla ya safari. Bushi iliyofungwa hivyo huchanika mapema, kisha lawama inaenda kwa mtengenezaji. Ingiza bolti zote zikiwa huru, funga magurudumu, shusha gari, likalie matairi yake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze.

Springi zenyewe kwa kawaida hazihitaji kununuliwa. Fungua majani, yasugue kwa brashi ya waya, yapake grafaiti, tupa jani lenye ufa. Usichanganye kulia na kushoto, maana za upande wa dereva zimetengenezwa na mkunjo zaidi kidogo. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, nunua mpya daima, pamoja na nati zake. Zile zinazokunjwa mtaani kwa nondo ya ujenzi hazifai hata kidogo: nondo huvutika, ekseli inahama juu ya springi, na pini ya katikati ya majani inakatika. Shokapu zichague kwa urefu sahihi na usipoteze muda kwenye majina ya boksi.

Sasa breki, ambako pesa ndogo hutofautisha mteremko wa Bugando na hatari. Dramu itolewe kwa kulegeza kwanza virekebishi vya shuu, kisha skrubu za kichwa bapa kwa bisibisi ya kugonga. Vumbi lililomo ndani usilipulize kwa kompresa. Laini za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Nyunyizia maji, futa kwa kitambaa kibichi, kitie kwenye mfuko, ufunge, utupe.

Shuu za asili za gari hili ni chuma kizuri kuliko nyingi zinazokuja zimebandikwa tayari. Huduma ya kubandika laini mjini tunaipendekeza bila kusita, kwa masharti matatu, na simama hapo uone yakitimizwa. Riveti ziwe za shaba au aluminiamu, kamwe zisiwe za chuma. Zianze kugongwa katikati ya shuu kuelekea ncha, la sivyo laini inabaki na tumbo katikati. Na ukiingiza fila geji nyembamba, kile kibamba cha kupimia nafasi, kati ya laini na shuu, isipite. Laini yenye nafasi hapo inapasuka ikipata joto. Shuu za boksi tulizozikagua kwa kipimo hicho hicho mara nyingi hushindwa mahali pamoja: mkunjo wake haulingani na dramu, laini inagusa kwenye ncha mbili tu, kanyagio ni gumu na gari halisimami. Ipake chaki dramu kwa ndani, izungushe juu ya shuu, ufungue. Chaki inapaswa kushika sehemu kubwa ya laini. Ikishika ncha tu, tupa kando au mwambie fundi aisawazishe.

Dramu yenye mikwaruzo ikerezwe, lakini isizidi milimita 0.75 juu ya kipenyo chake cha awali. Dramu mbili za ekseli moja zikerezwe sawa, au gari litavuta upande. Gari linaloshuka Mwaloni Kirumba kubeba dagaa, au linaloingia majini ufukweni, lifunguliwe mapema zaidi. Maji hukauka yenyewe, mchanga unabaki ndani ukikwaruza.

Silinda za magurudumu ziko sita, maana kila gurudumu la mbele lina mbili, moja kwa kila shuu. Seti ya raba peke yake inatosha iwapo ukuta wa silinda unang'aa na ukipitisha kidole husikii kitu. Ukisikia shimo hata dogo la kutu, nunua silinda nzima. Kagua pia sili ya habu, raba inayozuia oili kwenye kitovu cha gurudumu: ikiwa oili inafika kwenye shuu za nyuma, laini mpya zitaharibika wiki ya kwanza. Wengi hubadilisha sili na kuacha kola ya chuma ambayo sili inaisugua. Kola ikiwa na mfereji, sili mpya itavuja vile vile. Vibadilishe pamoja.

Hozi za mpira ni tatu, mbili mbele na moja nyuma. Kwa nje zinaweza kuonekana nzima huku ndani zimevimba na kuziba. Dalili ni breki inayoshika vizuri lakini haiachii, na dramu moja kuwa ya moto kuliko nyingine. Zinunuliwe zote tatu kwa pamoja.

Mafuta ya breki yawe DOT 4, kopo jipya ambalo halijafunguliwa. Yanachemka kwa nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Kwenye mteremko mrefu, na hewa yetu ya kando ya ziwa, tofauti hiyo unaikuta chini ya mguu: kanyagio linazama. Yabadilishe kila miaka miwili. Anayejaza oili ya injini au ya sukani anavimbisha raba zote kuanzia masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na kanyagio, hadi nyuma.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki ya 109 kuna sifa mbaya, na sababu ni zile silinda mbili za mbele zilizounganishwa kwa kibomba kifupi, hewa hujificha juu. Tatizo hilo lina njia yake. Kabla ya kuanza, kaza virekebishi vya magurudumu yote mpaka shuu ziibane dramu kabisa. Hapo pistoni hazina pa kusogea kanyagio linapokanyagwa. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Msaidizi akanyage taratibu, ashikilie, fungua nati ya upepo robo mzunguko, funga kabla hajaachia mguu. Mafuta kwenye kopo la masta silinda yasishuke chini ya nusu. Ukimaliza, legeza virekebishi mpaka gurudumu lizunguke huru likigusa kwa mbali tu.

Kisha kanyaga. Kanyagio likiwa gumu mara ya kwanza, kazi imekamilika. Likiwa gumu mara ya pili tu, shuu ziko mbali, rudi kwenye virekebishi. Likidunda kama sponji, bado kuna hewa. Likiwa gumu kisha likazama polepole chini ya mguu na hakuna panapovuja nje, raba za masta silinda zimekwisha.

Jaribio la kwanza lifanyike tambarare, si Capri Point wala Isamilo. Simamisha gari kwa mwendo mdogo mara ishirini hivi ili laini zikae, acha dramu zipoe, kisha shika kila moja kwa mgongo wa mkono. Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari na spana ya yubolti: nati zitakubali tena robo mzunguko au zaidi, na shuu nazo zitahitaji kusogezwa.